Kitufe Kimoja, Boti Nzima

Ukimsikiliza mtu aliyenunua boti ya besi kwa mara ya kwanza, swali lake kuhusu mwinamo wa mashine huwa ni la mwendo tu: nibonyeze kiasi gani ili ikimbie zaidi? Swali hilo ni halali, maana kitufe cha kuinua na kushusha mashine kinaongeza mwendo kweli. Tatizo ni kwamba linaanzia mwisho. Kila mashine inapoinuliwa, sehemu ya bodi inayoshika maji inapungua, na boti haina kitu kingine cha kushika isipokuwa maji. Kwa hiyo mwinamo ni sehemu ya usukani kabla haujawa sehemu ya mwendo. Anayeuelewa hivyo ndiye anayejua lini abonyeze, lini aache, na lini airudishe mashine chini hata kama mwenzake aliyekaa pembeni anataka waende mbio.

Boti zenyewe zina historia inayoeleza kwa nini jambo hili limekuwa zito kiasi hiki. Mwaka 1948 huko Shreveport, Louisiana, Holmes Thurmond alitengeneza chombo chembamba cha mbao alichokiita Skeeter, kwa ajili ya kuvulia samaki wa mdomo mpana ambao Wamarekani wanawaita besi. Mwaka 1967 Ray Scott, mtu wa Alabama, aliandaa mashindano ya uvuvi katika Beaver Lake, Arkansas, na mara baada ya hapo akaanzisha chama cha wavuvi wa besi kijulikanacho kama B.A.S.S. Mwaka 1968 Forrest Wood akaanza kuunda boti za Ranger katika mji mdogo wa Flippin, Arkansas. Mashindano yana saa ya kuondoka na saa ya kurudi kupima samaki, na bwawa kama Guntersville la Alabama lina ukubwa wa karibu hekta 28,000. Anayewahi kwenye mlango wa mto wenye samaki huwakuta, na anayechelewa huikuta boti nyingine imetia nanga. Ndivyo nguvu za mashine zilivyopanda mwaka hadi mwaka. Leo boti ya besi ya mashindano ina urefu wa futi 18 hadi 21, na tezini imebeba mashine ya nguvu za farasi 250 yenye uzito unaozidi kilo 220. Nyingi zinapita kilomita 110 kwa saa. Kwa mwendo huo chombo kinakata mita 30 kila sekunde, na dereva amekaa chini, bila mkanda, karibu usawa wa maji.

Tuanze na namna mambo yanavyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kuelewa kinyume. Mashine imening'inia kwenye ubao wa tezi kwa kitako chenye bawaba, na mikono ya haidroliki inaisukuma mbele na nyuma. Ukiiingiza, yaani ukiishusha, mguu wake unakuja karibu na boti na propela inatupa maji nyuma yakielekea chini kidogo. Tezi inanyanyuliwa na omo inazama. Ukiitoa, yaani ukiiinua, propela inatupa maji nyuma yakielekea juu. Tezi inakandamizwa na omo inapanda. Digrii chache zinatosha kubadili kila kitu. Mashine ikiinama digrii 5 kutoka kwenye mstari wake wa kati, karibu sehemu 9 kwa 100 ya msukumo wote inageuka kuwa nguvu ya kuinua au kukandamiza, nayo inafanya kazi mwishoni kabisa mwa boti, mahali ambapo nguvu ndogo ina uwezo mkubwa. Mashine nyingi za aina hii zina takriban digrii 20 za kuchezea mwinamo boti ikiwa inakwenda. Baada ya hapo kuna digrii nyingine nyingi, lakini hizo ni za kuinulia mashine kwenye trela au kupitia maji mafupi taratibu. Hazikuwekwa kwa ajili ya kukimbilia, na anayezitumia akiwa na mwendo anaiweka propela hewani na mashine kwenye mikono isiyoishikilia sawasawa.

Dereva mzuri anaonekana dakika ya kwanza tu. Boti imesimama maji tulivu, abiria ameketi kwenye kiti cha chini, wala si kile cha juu cha kuvulia. Kamba ya kuzimia mashine imefungwa kwenye jaketi la dereva. Anaiingiza mashine mpaka mwisho, anatazama mbele na pande zote mbili, kisha anakanyaga mafuta kwa uthabiti. Omo inanyanyuka, kwa sekunde chache haoni mbele vizuri, halafu inashuka na boti inapanda juu ya maji. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona omo imeshuka, wanadhani kazi imekwisha, wanazidi kukanyaga huku mashine ikiwa bado ndani kabisa. Yule mzuri anabonyeza kitufe cha juu mara moja, kama nusu sekunde, anaachia, anasubiri. Anasikiliza mashine. Anahisi usukani viganjani. Anabonyeza tena. Rasharasha za maji zilizokuwa zikitoka ubavuni karibu na kiti chake zinarudi nyuma kidogo kidogo, usukani unakuwa mwepesi, mlio wa mashine unapanda bila mguu wake kuongeza mafuta. Mara mwendo unapoacha kuongezeka, anaacha kubonyeza. Kwa kawaida anarudi nyuma mbonyezo mmoja, kwa sababu kilele cha mwendo kiko jirani sana na mahali boti inapoanza kulegea.

Dalili ya kwanza ya kuzidisha ni omo kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama chombo kinachogonga maji kwa mapigo yanayolingana. Mwanzoni kunakuwa kudogo, na madereva wengine hukuvumilia wakidhani ni mawimbi. Sivyo. Omo imeinuliwa kuliko mwendo unavyoweza kuishikilia, inaanguka, inainuliwa tena, na kila pigo linaweza kuwa kubwa kuliko lililotangulia mpaka abiria arushwe kutoka kitini. Dawa yake ni rahisi: mbonyezo mmoja au miwili kuelekea chini. Kuongeza mafuta kunaweza kuituliza boti nyingine, lakini ni dawa inayokuomba uende kasi zaidi ukiwa huna utulivu, na mimi siipendekezi kwa mtu anayejifunza.

Dalili ya pili ni ya hatari zaidi. Bodi ya boti hizi ina umbo la V, na chini kabisa, kuelekea tezi, V hiyo imekatwa bapa na kuacha ukanda mwembamba. Kwenye mwendo mkubwa, mashine ikiwa imetolewa vizuri, boti nzima inasimama juu ya ukanda huo tu, na maji hayagusi sehemu kubwa ya ubavu. Ndiyo siri ya kasi yake, na ndiyo siri ya kwenda kwake mrama: inalalia kulia, inajirudisha, inalalia kushoto, na kila zamu inazidi ile ya kabla. Propela inayozunguka upande mmoja inaipa msukumo wa kulala, na dereva anayechelewa nusu sekunde kusahihisha usukani anaongeza badala ya kupunguza, maana anasahihisha ulalo uliokwisha kupita. Wataalamu wa mashindano hushika mikono yote miwili na kufanya marekebisho madogo mno kabla ulalo haujaonekana. Huo ni ustadi wa miaka. Kwa wengine wote jibu ni kuachia mafuta kidogo, taratibu, kisha kuiingiza mashine kidogo, mpaka ubavu ushike maji tena.

Nasisitiza neno taratibu. Hofu inapoingia, mguu unataka kuruka kutoka kwenye kanyagio. Boti iliyo kwenye ukanda wake mwembamba, imelala upande mmoja, ikinyang'anywa msukumo ghafla, inaangusha omo kwa mkupuo. Ubavu uliolala unachoma maji, na tezi yenye mashine nzito inataka kutangulia. Mtu aliyekuwa na tatizo dogo la kuyumba anajikuta na boti inayogeuka nyuma mbele. Anayejifunza ajizoeze mapema, kwenye mwendo wa kati na maji yasiyo na mtu, kuondoa mafuta kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, mpaka mguu wenyewe uzoee kushuka polepole.

Dalili ya tatu ni mlio. Mashine inapandisha sauti ghafla, mizunguko inaruka, lakini boti haisongi. Propela imevuta hewa kutoka juu ya maji na haina cha kusukuma. Kwenye njia iliyonyooka ni hasara ya mafuta na muda. Kwenye kona ni ajali inayojitayarisha, kwa sababu boti ya aina hii haina usukani mwingine zaidi ya msukumo wa propela. Propela ikikosa maji, usukani umekosa kazi, na tezi inateleza kwenda nje kama ipendavyo. Zaidi ya hapo, juu kabisa kwenye mwendo mkubwa, kuna upepo: omo iliyoinuka inakusanya hewa chini ya bodi, na upepo mkali wa mbele au wimbi lililoachwa na boti nyingine vinaweza kuinyanyua mpaka igeuke kichwa chini. Jambo hilo ni la wachache waendao mbio kupita kiasi. Lakini wote walifika huko kwa kubonyeza kitufe kilekile.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba juu ni hatari na chini ni salama. Hitimisho hilo ndilo ninalolipinga zaidi katika uchambuzi huu, kwa sababu linaaminiwa na watu waangalifu, wale hasa ambao hawapendi mbio. Mtu anamfundisha kijana wake: ukiogopa, ingiza mashine yote ndani. Kisha kijana anakwenda kilomita 70 kwa saa huku omo imezama. Omo ya boti hii ina makali ya V, na ikizama kwenye mwendo inakuwa usukani wa pili, ulio mbele, usiotii mkono wa mtu. Kinachotokea ni kile ambacho kila mwendesha bodaboda anakijua kwenye mchanga anapokamata breki ya mbele: mbele kunashika, nyuma kunazunguka. Boti inaingia kona kidogo, omo inashika ghafla kuliko dereva alivyoomba, tezi inafyatuka, na waliomo wanatupwa kwa upande wa nje wa kona. Juu ya hayo, mashine iliyoingizwa yote inavuta usukani upande mmoja kwa nguvu. Dereva anayeachia mkono kushika kofia anaweza kukuta boti imegeuka kabla hajaurudisha.

Watengenezaji wanalijua hili. Vitabu vya mashine vinaonya juu yake, na kwenye kitako cha mashine nyingi kuna pini au boliti inayozuia isiingie ndani kupita kiasi. Mwenye boti akiing'oa ili apate nguvu ya ziada wakati wa kupanda juu ya maji, anabadilishana sekunde moja ya kuondoka kwa hatari ya safari nzima. Boti nyingi zinapanda vizuri pini ikiwa mahali pake. Isipopanda, tafuta sababu kwenye propela au kwenye mzigo kwanza, na pini uiache.

Kona zinahitaji mpangilio wake. Punguza mwendo kwanza, ingiza mashine kidogo ili propela izame vizuri na ubavu upate maji, kisha kata kona, na ukishatoka ndipo utoe mashine tena. Agizo la kupunguza mwendo ndilo linaloruka vichwani mwa watu. Kuingiza mashine katikati ya kona ukiwa kasi ni kuishusha omo wakati boti imelala, na hapo makosa yote mawili yanakutana mahali pamoja.

Mawimbi nayo hayana jibu moja. Maji yaliyochafuka kwa upepo wa mbele, mawimbi mafupi ya karibu karibu, yanataka mashine iingizwe kidogo ili makali ya omo yakate badala ya bapa kupiga. Mgongo wa abiria utashukuru. Mawimbi makubwa yanayokufuata kutoka nyuma yanataka kinyume: omo iwe juu kiasi, maana boti inayoteremka mgongo wa wimbi huku omo imeinama inachimba wimbi lililo mbele na kuchota maji. Ziwa Okeechobee la Florida ni pana na lina kina kifupi. Upepo ukisimama kwa saa chache maji yake yanachemka, na dereva anayevuka kwenda na kurudi siku hiyohiyo atahitaji mwinamo tofauti kila upande. Mwendo nao lazima ushuke. Hakuna pembe ya mashine inayofanya wimbi la mita moja lipitike kwa kilomita 90 kwa saa.

Kuna watu wanaoweka alama kwenye geji ya dashibodi, wakasema hapa ndipo boti yangu inapopenda. Alama hiyo ni msaada wa kuanzia, basi. Fikiria siku moja ya uvuvi. Asubuhi tangi lina lita 150 za petroli, uzito wa kilo 110 hivi, na matangi ya samaki hai ni matupu. Mchana nusu ya petroli imeisha, na matangi ya samaki yaliyoko tezini yamejazwa maji, labda lita 100, yaani kilo 100 pamoja na samaki. Mwenzako ametoka kiti cha kushoto, amehamisha sanduku la chambo mbele. Uzito wa chombo umehama mahali pake, na mwinamo uliokuwa mtamu asubuhi sasa unaifanya omo ipande na kushuka. Geji inaonyesha namba ileile. Ndiyo maana mafundi wazuri humwambia mteja asikilize boti kwanza na geji baadaye.

Siku hizi kuna mitambo inayopanga mwinamo yenyewe, kama Active Trim ya Mercury, inayosoma mwendo kwa setilaiti na mizunguko ya mashine kisha kuinua au kushusha kwa mpango uliowekwa. Naiona ni hatua njema kwa mtu mpya na kwa boti ya familia. Inaondoa lile kosa la kusahau mashine ndani au nje. Ila mtambo huo hauoni wimbi linalokuja wala haujui kwamba unataka kukata kona baada ya sekunde mbili. Dereva abaki dereva.

Vifaa vya kawaida vina mchango mkubwa kuliko vingi vya kifahari, na hapa boti za besi zimewapita wengine. Boti nyingi kati yake zina kanyagio la mafuta la mguu, na kwenye shina la usukani kuna kijiti kidogo cha mwinamo kama kile cha taa za kuonyesha kona za gari. Maana yake ni kwamba mikono miwili haiondoki kwenye usukani hata wakati wa kubadilisha mwinamo na mwendo kwa pamoja. Kwenye boti ambayo kitufe kiko kwenye mkono wa gia, mkono mmoja una kazi tatu. Na kanyagio lina faida ambayo haitajwi sana: linarudi lenyewe likiachiwa, basi mtu akitupwa kitini mafuta yanapungua. Usukani wa haidroliki nao unazuia nguvu ya propela isirudi mikononi. Usukani wa waya ulio na uchezaji, ukiuzungusha kidogo na mashine isisogee, ni sababu tosha ya kutokwenda kasi siku hiyo, kwa mwinamo wowote.

Wengine wamefunga jeki ya haidroliki inayopandisha mashine wima, bila kuiinamisha. Inafaa kwa maji mafupi na inaongeza mwendo, lakini matundu ya kuvutia maji ya kupoza yako chini ya mashine. Ukipandisha mpaka yakatoka majini, mashine inaungua. Anayetumia jeki bila geji ya shinikizo la maji anabahatisha.

Hatari haiko majini peke yake. Mashine nyingi zina kitufe cha pili cha mwinamo kwenye ganda lake, kwa ajili ya mtu aliyesimama nyuma ya trela. Kitufe hicho kinafanya kazi hata ufunguo ukiwa umezimwa kwenye mashine nyingi, na mikono ya haidroliki haiulizi kama kuna kidole kwenye bawaba. Kabla ya kukibonyeza, angalia mikono ya watoto na ya wasaidizi. Ukitaka kufanya kazi chini ya mashine iliyoinuliwa, kwa mfano kubadilisha propela, weka kizuizi cha chuma kinachokuja nayo au nguzo imara. Mafuta ya haidroliki yanaweza kuvuja polepole kupitia mpira uliochoka, na mashine ya kilo 220 ikashuka bila kelele. Mashine isiyoshikilia pembe uliyoiweka, inayojishusha yenyewe wakati wa safari, inahitaji fundi kabla ya safari nyingine. Mwinamo unaobadilika bila kuombwa ni sawa na usukani unaojigeuza.

Kamba ya kuzimia mashine na jaketi la kujiokolea nimeviweka mwisho wa upande huu wa Marekani kwa sababu ndivyo vinavyobaki pale mengine yote yaliposhindikana. Kanuni za mashindano ya B.A.S.S. zinataka vyote viwili vivaliwe mashine kubwa inapofanya kazi, na mashindano hayo yaliwazoesha wavuvi miaka mingi kabla ya sheria. Tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya shirikisho ilianza kumtaka dereva wa boti iliyo chini ya futi 26, yenye mashine ya nguvu za farasi 3 au zaidi na iliyofungwa swichi hiyo, aiunganishe mwilini anapokwenda mwendo wa kupanda juu ya maji. Sababu yake ni ya kutisha na ya wazi: boti iliyomtupa dereva huku mashine ikiwaka huzunguka duara na kurudi kumkuta majini, propela ikiwa mbele ya macho yake. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha wengi wanaokufa kwenye ajali za boti za starehe hufa maji, na wengi wa hao hawakuvaa jaketi.

Sisi wa maji ya huku tuna undugu na jambo hili kwa njia mbili. Besi mwenyewe alikuja: alipandikizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kutoka Marekani, kwa ajili ya wavuvi wa mchezo, na bado anavuliwa pale. Boti za nguvu za farasi 250 hazikumfuata. Undugu wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni wa mashine yenyewe. Kuanzia Mwanza na Kisumu hadi Mafia, Unguja na Lamu, boti za faiba na ngalawa kubwa zinaendeshwa na mashine za nguvu za farasi 15, 25 au 40, na nyingi hazina kitufe chochote. Zina kitako chenye matundu kadhaa na pini moja ya chuma, na tundu lililochaguliwa ndilo mwinamo wa safari nzima.

Mara nyingi tundu hilo halikuchaguliwa na mtu. Lilikuja na mashine ilipotoka dukani, au lilimfaa mwenye boti wa zamani ambaye ubao wake wa tezi ulikuwa na mlalo tofauti. Boti zetu huundwa kwa mikono ya mafundi wengi, na tezi mbili hazilingani. Tundu la tatu kwenye boti moja ni tundu la pili kwenye nyingine. Kipimo cha kuanzia ni hiki: lile bapa pana lililo juu ya propela liwe sambamba na chini ya boti. Kisha boti ijaribiwe ikiwa na mzigo wake wa kawaida, si tupu. Omo ikisimama juu mpaka nahodha haoni mbele, hamisha kwanza abiria na madumu ya mafuta kuelekea mbele, kabla ya kugusa pini. Omo ikizama na mkono wa mashine ukawa mzito kuvuta upande mmoja, pini isogezwe tundu moja nje, ijaribiwe tena. Tundu moja tu kwa mara moja.

Rai yangu kwa manahodha na kwa wenye boti wanaowaajiri ni hii. Pini ihamishwe mashine ikiwa imezimwa, boti imefungwa au imetia nanga mahali tulivu, na mtu mmoja ameishika mashine kwa kizuizi chake wakati mwingine anaitoa pini. Pini ikishapotea isibadilishwe na msumari wala kipande cha nondo, inunuliwe yake. Na ile kamba nyekundu iliyokuja na mashine, ambayo kwenye boti nyingi imefungwa palepale kwenye swichi isidondoke, ifunguliwe leo na ifungwe kwenye mkono wa anayeendesha.